Peter Barton Hutt: Wakili aliyeandika upya kanuni za chakula na dawa Marekani

PAKITI ya biskuti, chupa ya dawa ya kikohozi na kopo la losheni ni bidhaa ambazo mkazi wa mjini anaweza kuzinunua kwa siku moja, pengine katika duka moja, bila kufikiri kuwa zina uhusiano wowote. Katika sheria za Marekani, bidhaa hizo tatu ni ndugu wa nyumba moja. Zinatawaliwa na sheria moja ya mwaka 1938, zinasimamiwa na mamlaka moja, na maandishi yaliyomo katika lebo zake ni matokeo ya mabishano marefu ya wanasayansi, wafanyabiashara na mawakili.

Miongoni mwa mawakili hao, wachache wameacha alama kubwa kama Peter Barton Hutt, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi kama FDA, kuanzia mwaka 1971 hadi 1975. Kabla ya hapo alikuwa wakili wa kampuni ya uwakili iliyohudumia wafanyabiashara wa chakula na dawa, na baada ya hapo alirejea katika kampuni hiyohiyo. Katikati, kwa muda wa chini ya miaka minne, alisimamia uandishi wa kanuni ambazo baadhi yake zilidumu kwa karibu nusu karne.

Maisha yake ya kazi yanaonyesha jinsi fani hii isiyojulikana sana inavyogusa mlo na afya ya kila mtu. Aidha, yanaibua swali ambalo halijapata jibu moja hadi leo: je, anayefaa kuitungia biashara kanuni ni yule anayeijua kwa ndani, au ni yule asiyewahi kupokea malipo yake?

Sheria iliyozaliwa na misiba

Ili kuielewa kazi ya Hutt, yapasa kwanza kuielewa sheria aliyoitumikia. Marekani ilipata sheria yake ya kwanza ya taifa zima kuhusu chakula na dawa Juni 30, 1906, ilipotiwa saini na Rais Theodore Roosevelt. Mkemia wa serikali, Dk. Harvey Wiley, alikuwa ameipigania kwa miaka mingi. Mwaka huohuo riwaya ya Upton Sinclair, The Jungle, iliwachefua wasomaji kwa maelezo yake kuhusu uchafu wa viwanda vya nyama vya Chicago.

Hata hivyo, sheria hiyo ilikuwa na mapengo. Ilikataza uchakachuaji wa bidhaa na uongo katika lebo, lakini haikumlazimu mtengenezaji kuthibitisha kuwa dawa yake ni salama kabla ya kuiingiza sokoni.

Pengo hilo lilijitokeza waziwazi mwaka 1937. Kampuni ya S.E. Massengill ya jimbo la Tennessee ilitengeneza dawa ya maji yenye salfanilamidi, iliyokuwa ikitumika kutibu maambukizi ya bakteria. Ili kuiyeyusha, kampuni ilitumia diethileni glikoli, kemikali ya viwandani yenye sumu. Haikufanya majaribio yoyote ya usalama kabla ya kuiuza. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, wakiwamo watoto wengi.

Serikali ilipotafuta kosa la kuizuia dawa hiyo, ilipata moja tu. Bidhaa ilikuwa imepewa jina la "Elixir", neno lililomaanisha dawa iliyoyeyushwa katika pombe, na ndani yake hapakuwa na pombe. Kwa maneno mengine, mbele ya sheria kosa halikuwa kuua, bali kutumia jina lisilo sahihi. Kama chupa ingeandikwa jina jingine, serikali isingekuwa na msingi wa kisheria wa kuikamata.

Msiba huo ulilisukuma Bunge kupitisha Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi, ambayo Rais Franklin Roosevelt aliitia saini Juni 25, 1938. Tangu hapo mtengenezaji wa dawa mpya alitakiwa kuwasilisha ushahidi wa usalama kabla ya kuiuza.

Msiba wa pili ulitokea zaidi Ulaya. Dawa ya thalidomaidi, iliyokuwa ikitolewa hata kwa wajawazito, ilisababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya balaa hilo kwa sababu mtaalamu wa FDA, Dk. Frances Oldham Kelsey, alikataa kuipitisha dawa hiyo bila ushahidi wa kutosha. Oktoba 10, 1962, Rais John Kennedy alitia saini marekebisho yaliyomtaka mtengenezaji athibitishe pia kuwa dawa yake inafanya kazi iliyokusudiwa.

Mambo hayo si historia tu. Mwaka 2022, nchini Gambia, watoto wapatao 70 walifariki kwa matatizo ya figo, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kuhusu dawa za maji zilizokutwa na diethileni glikoli, kemikali ileile ya mwaka 1937.

Uzito wa neno moja

Wakili wa chakula na dawa hatumii muda wake mwingi akihoji mashahidi mahakamani. Kazi yake kubwa ni maneno: fasili, lebo, masharti na maombi ya vibali.

Mfano rahisi ni kitunguu saumu. Kikiwa sokoni, ni chakula. Kikisagwa, kikatiwa katika vidonge, kisha pakiti ikaandikwa kuwa kinatibu shinikizo la damu, sheria ya Marekani inakihesabu kuwa dawa. Kinachoamua ni matumizi aliyoyakusudia muuzaji, na makusudi hayo husomwa hasa katika maneno anayoyatumia kuitangaza bidhaa yake.

Tofauti hiyo ya maneno ina thamani kubwa ya fedha. Chakula cha kawaida huingia sokoni bila kibali cha awali. Dawa mpya huhitaji majaribio ya miaka mingi na gharama kubwa. Ndiyo maana makampuni huwalipa mawakili ili wajue mpaka uko wapi, na ndiyo maana serikali nayo huwahitaji mawakili wa kuulinda mpaka huo.

Kutoka Buffalo hadi Washington

Hutt alizaliwa mwaka 1934 mjini Buffalo, katika jimbo la New York. Alipata shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1956, kisha akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard na kuhitimu mwaka 1959. Mwaka uliofuata alipata shahada ya uzamili ya sheria katika Chuo Kikuu cha New York, alikojikita katika sheria za chakula na dawa. Wakati huo wanasheria waliojifunza fani hiyo darasani walikuwa wachache. Wengi waliifahamu kazini.

Mwaka 1960 aliajiriwa na Covington & Burling, kampuni kubwa ya uwakili mjini Washington. Huko alimkuta H. Thomas Austern, mmoja wa mawakili waliokuwa wakiheshimika sana katika kuyatetea makampuni ya chakula na dawa. Hutt alipanda ngazi haraka na mwaka 1968 akawa mbia wa kampuni hiyo.

Ulevi: kosa au ugonjwa?

Katika miaka hiyo alijishughulisha pia na jambo lililokuwa mbali na wateja wake wenye fedha. Katika miji mingi ya Marekani, mtu aliyekutwa amelewa barabarani alikamatwa, akafungwa siku chache, akaachiwa, kisha akakamatwa tena. Wapo waliorudia mzunguko huo mara kadhaa kwa mwaka bila kupata matibabu yoyote.

Hutt alijitolea kuwa wakili wa DeWitt Easter, mkazi wa Washington aliyekuwa na historia ndefu ya kukamatwa kwa ulevi. Hoja ilikuwa kwamba mlevi sugu ni mgonjwa asiyeweza kujizuia, hivyo haipasi kumtia hatiani kwa dalili ya ugonjwa wake. Machi 31, 1966, Mahakama ya Rufani ya Washington iliikubali hoja hiyo.

Miaka miwili baadaye suala kama hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Leroy Powell dhidi ya jimbo la Texas. Juni 1968, kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ilikataa kulifanya jambo hilo kuwa haki ya kikatiba kwa nchi nzima. Pamoja na hayo, mjadala ulikuwa umekwisha hamia bungeni. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria iliyoutambua ulevi kama suala la afya na kutenga fedha za matibabu.

Kuingia serikalini

Mwaka 1971, Kamishna wa FDA, Dk. Charles Edwards, alihitaji mwanasheria mkuu mpya. Aliyekuwa akiondoka, William Goodrich, alikuwa ameitumikia mamlaka hiyo katika masuala ya sheria tangu miaka ya 1930. Goodrich alikwenda kuongoza chama cha wazalishaji wa mafuta ya kupikia. Hutt akaingia akitokea upande wa wafanyabiashara. Watu hao wawili walipishana mlangoni, mmoja akitoka, mwingine akiingia.

Uteuzi huo ulizua maswali. Watetezi wa walaji walikuwa wamepata nguvu mpya nchini humo, na wengi wao waliona FDA iko karibu mno na makampuni inayopaswa kuyadhibiti. Kumteua wakili wa makampuni hayo kulionekana kuzidisha tatizo. Yaliyofuata hayakwenda kama wengi walivyotarajia.

Dawa za bila cheti cha daktari

Tatizo la kwanza lilikuwa dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari: za maumivu, mafua, kiungulia na mengineyo. Marekebisho ya mwaka 1962 yalitaka zithibitishwe kuwa zinafanya kazi, lakini idadi yake ilikuwa ya kutisha. FDA yenyewe ilikadiria kuwa zilikuwa kati ya 100,000 na 500,000. Kuichunguza moja baada ya nyingine, na kila moja iweze kufika mahakamani, kungechukua vizazi.

Ufumbuzi ulipatikana katika hesabu nyingine. Ingawa majina ya biashara yalikuwa malaki, viambato vyenyewe vya dawa vilikuwa takriban 200 tu. Mwaka 1972 FDA ilitangaza utaratibu mpya: badala ya kuchunguza bidhaa, itachunguza viambato. Majopo ya wataalamu wa nje yaliundwa kwa kila kundi la magonjwa. Kutokana na mapendekezo yao, serikali ilitoa waraka wa masharti ulioeleza viambato vinavyokubalika, kipimo chake na maneno ya kuandikwa katika lebo. Bidhaa iliyotimiza masharti iliweza kuuzwa bila kibali cha pekee.

Waraka wa mwisho kuhusu dawa za kiungulia ulitolewa mwaka 1974. Mengine yalichelewa mno, na kwa baadhi ya viambato mjadala uliendelea kwa miongo kadhaa. Ucheleweshaji huo ndio uliokuwa lawama kubwa dhidi ya utaratibu huo, hadi Bunge lilipoufanyia marekebisho makubwa Machi 2020.

Dawa zilizopitishwa zamani

Tatizo la pili lilihusu dawa zilizoruhusiwa kati ya mwaka 1938 na 1962 kwa kigezo cha usalama pekee. Wanasayansi walikuwa wamezipitia tangu mwaka 1966 na kuziona nyingi hazina ushahidi wa kufanya kazi. Makampuni yalidai kuwa kila dawa ina haki ya kusikilizwa kwa kina kabla ya kuondolewa sokoni, madai ambayo yangeweza kuchukua miaka kwa kila bidhaa.

FDA ilisimama na msimamo kwamba mtengenezaji asiye na majaribio ya kisayansi yaliyofanywa kwa utaratibu unaokubalika hana cha kusikilizwa. Ushuhuda wa madaktari kwamba wagonjwa wao walipata nafuu haukutosha. Juni 1973, Mahakama ya Juu iliuunga mkono msimamo huo katika kesi ya kampuni ya Hynson, Westcott & Dunning na kesi nyingine zilizoamuliwa siku hiyohiyo.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Kufikia mwaka 1984, kati ya bidhaa 3,443 zilizohusika, 2,225 zilikuwa zimeonekana zinafaa, 1,051 hazikufaa, na 167 zilikuwa bado zikisubiri uamuzi.

Lebo ya chakula

Mwaka 1973 FDA ilitoa pia kanuni za kuonyesha viinilishe katika lebo za vyakula: nishati, protini, wanga, mafuta, vitamini na madini. Mkutano wa kitaifa kuhusu lishe, ulioitishwa na Ikulu ya Marekani Desemba 1969, ulikuwa umelitaka jambo hilo.

Kanuni hizo zilikuwa za hiari kwa vyakula vingi. Zilikuwa za lazima pale tu mtengenezaji alipoongeza viinilishe au kujigamba kuhusu faida za kiafya za chakula chake. Bunge lilifanya maelezo hayo kuwa ya lazima kwa karibu vyakula vyote vya viwandani kwa sheria ya mwaka 1990, na jedwali jipya likaanza kuonekana madukani mwaka 1994. Msingi wake, hata hivyo, uliwekwa mwaka 1973. Mwaka huohuo zilitolewa kanuni za kuorodhesha viambato vya vipodozi.

Pigo la vitamini

Si kila jambo lilifanikiwa. Mwaka 1973 FDA ilitaka vidonge vya vitamini na madini vyenye kiwango kinachozidi asilimia 150 ya mahitaji ya siku yaliyopendekezwa vihesabiwe kuwa dawa. Nia ilikuwa kuwalinda walaji dhidi ya madai ya uongo na vipimo vya kupindukia.

Wananchi walipinga vikali. Barua zilimiminika bungeni kutoka kwa watu walioona serikali inaingilia uhuru wao wa kuchagua wanachomeza. Mwaka 1974 Mahakama ya Rufani mjini New York ilizitaka sehemu fulani za kanuni hizo zirekebishwe. Mwaka 1976, Hutt akiwa ameshaondoka, Bunge lilipitisha marekebisho yaliyoongozwa na Seneta William Proxmire wa Wisconsin, yaliyoizuia FDA kuihesabu vitamini kuwa dawa kwa sababu ya wingi wake tu. Sheria ya mwaka 1994 kuhusu virutubisho ililegeza zaidi udhibiti huo, na leo soko la virutubisho Marekani ni kubwa na halihitaji ushahidi wa aina ile unaotakiwa kwa dawa.

Hapo ndipo ulipoonekana ukomo wa utaalamu. Kanuni inaweza kuwa na hoja nzuri ya kisayansi na bado ikashindwa, iwapo wale inaodai kuwalinda hawataki kulindwa kwa namna hiyo.

Kutoa sababu hadharani

Pengine mchango wake uliodumu zaidi ni ule usioonekana katika lebo yoyote. Kabla ya wakati huo, mamlaka za serikali zilizoea kutangaza kanuni kwa maelezo mafupi. Chini ya Hutt, kila kanuni muhimu ya FDA ilichapishwa katika Gazeti la Serikali pamoja na dibaji ndefu. Dibaji hiyo ilitaja hoja zilizowasilishwa na wananchi na makampuni, kisha ikazijibu moja baada ya nyingine.

Faida ilikuwa ya pande mbili. Mwananchi alijua kwa nini maoni yake yamekubaliwa au yamekataliwa, na jaji aliyeletewa kesi aliikuta sababu ya uamuzi imeandikwa. Mwaka 1974 FDA ilitoa pia kanuni za kuwapa wananchi haki ya kuona nyaraka zake, hatua iliyofungua mafaili mengi yaliyokuwa yakifichwa kwa mazoea.

Mvutano na mwalimu wake

Mwaka 1973 Hutt alichapisha makala katika jarida la kitaaluma la sheria za chakula na dawa, akieleza falsafa yake. Alisema Sheria ya mwaka 1938 isomwe kama katiba: inaweka malengo makuu, na mamlaka inayoisimamia ina uwezo wa kubuni njia za kuyafikia, ilimradi Bunge halikuzikataza.

Aliyemjibu alikuwa Austern, mkubwa wake wa zamani katika kampuni ya uwakili. Katika makala iliyochapishwa mwaka huohuo katika jarida hilo, Austern alipinga wazo la kuipa mamlaka madaraka mapana kiasi hicho. Kwa upande wa wafanyabiashara, sheria ni sheria: kisichoandikwa na Bunge hakiwezi kuongezwa na ofisa wa serikali.

Majibizano hayo yalijibu kwa sehemu wasiwasi wa mwaka 1971. Wakili aliyetoka katika makampuni alikuwa ameitafutia serikali nguvu zaidi kuliko walizoafiki wenzake wa zamani. Wapo, hata hivyo, walioona kwamba mfumo wa masharti ya jumla na majopo uliyapa makampuni nafasi ya kuendelea kuuza bidhaa zenye shaka wakati uchunguzi ukiendelea. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake.

Rais wa kampuni na panya wa ghala

Katika kipindi hicho ilikomaa pia kesi iliyowatia hofu wakuu wa makampuni. Wakaguzi wa FDA walikuta uchafu wa panya katika ghala la chakula la kampuni ya Acme Markets mjini Baltimore, wakaiandikia kampuni barua mwaka 1972, na walipokagua tena wakakuta tatizo halijaisha. Serikali ilimshitaki Rais wa kampuni, John Park, yeye binafsi.

Park alijitetea kuwa kampuni yake ilikuwa na wafanyakazi wapatao 36,000 na maduka 874, hivyo alilazimika kuwaachia wasaidizi wake usafi wa maghala. Juni 9, 1975, Mahakama ya Juu, kwa kura sita dhidi ya tatu, iliamua kuwa mkuu mwenye mamlaka ya kuzuia au kurekebisha kosa anaweza kutiwa hatiani hata kama hakulitenda kwa mkono wake. Faini ilikuwa dola 50 kwa kila shitaka, jumla dola 250. Fedha hizo zilikuwa kidogo, lakini kanuni iliyowekwa bado inafundishwa vyuoni.

Kurudi upande wa pili

Mwaka 1975 Hutt aliondoka serikalini na kurejea Covington & Burling. Nafasi yake ilichukuliwa na Richard Merrill, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Virginia. Kwa miongo iliyofuata aliyashauri makampuni ya chakula, dawa, vipodozi na vifaa tiba, na kukaa katika bodi za makampuni ya bayoteknolojia.

Mtindo huu wa kuhama kati ya serikali na biashara una wakosoaji wengi nchini Marekani. Wanasema ofisa anayejua kuwa kesho ataajiriwa na makampuni anaweza leo kuyahurumia. Na wakili aliyetunga kanuni anaondoka na ufahamu ambao wenye fedha pekee wanaweza kuununua. Wanaoutetea wanajibu kwamba fani hii ni ngumu, na serikali ikiwafungia mlango wanaoijua biashara itabaki na wasimamizi wasiojua wanachokisimamia.

Mwalimu na kitabu

Mwaka 1980 Hutt na Merrill, waliopokezana ofisi moja, walichapisha kitabu cha kufundishia sheria za chakula na dawa. Matoleo mapya yalifuata mwaka 1991, 2007 na 2014, na kitabu hicho kikawa nguzo ya somo hilo katika vyuo vya Marekani.

Kuanzia mwaka 1994 Hutt alifundisha somo hilo katika Chuo Kikuu cha Harvard kila kipindi cha majira ya baridi. Kila mwanafunzi alitakiwa kuandika makala ya utafiti, na makala nyingi ziliwekwa kwenye intaneti ili zisomwe na yeyote.

Mwaka 2007 alishiriki katika jopo lililochunguza hali ya sayansi ndani ya FDA. Katika sehemu aliyoiandika alionyesha kuwa tangu mwaka 1988 Bunge lilikuwa limeibebesha mamlaka hiyo majukumu kupitia sheria zaidi ya 100, huku idadi ya wafanyakazi ikiwa haikuongezeka kwa kiasi cha kulingana nayo. Wakili aliyekuwa akilipwa na makampuni alikuwa akilitaka Bunge liipe nguvu mamlaka inayoyadhibiti. Hoja yake ilikuwa kwamba mamlaka dhaifu haimfai hata mfanyabiashara, kwa sababu walaji wasipoiamini hawataiamini bidhaa iliyopitishwa nayo.

Afrika Mashariki

Swali la namna ya kuzisimamia bidhaa hizi limejitokeza pia katika ukanda huu. Tanzania, kwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, iliziweka vilevile bidhaa hizo tatu chini ya paa moja na kuunda mamlaka ya TFDA. Mwaka 2019 mpangilio ulibadilishwa: chakula na vipodozi vilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na iliyokuwa TFDA ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kwa upande wa Kenya, dawa husimamiwa na Bodi ya Famasia na Sumu, iliyo chini ya sheria ya mwaka 1957, wakati chakula kina sheria na vyombo vyake.

Mpangilio wowote utakaochaguliwa, kazi ya msingi hubaki ileile: mtu fulani lazima aamue ni neno gani liandikwe katika chupa, kwa ushahidi gani, na nani awajibike neno hilo likiwa la uongo. Mwaka 1937 pengo katika majibu ya maswali hayo liligharimu maisha ya watu zaidi ya 100 kabla ya Bunge la Marekani kuliziba.